Kilishio Kimejaa, Ndege Hawaji: Utatuzi wa Matatizo kwa Anayekaribisha Ndege wa Majira ya Baridi Uani

Kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi Novemba, ndege wadogo waliozaliana katika misitu ya kaskazini mwa Kanada husafiri usiku kuelekea kusini, na wengi wao huishia kwenye nyua za nyumba za kawaida huko Ontario, Ohio, Minnesota, Pennsylvania na majimbo ya jirani. Kwa ndege hao, Januari ya Columbus au Toronto ndiyo nafuu waliyoifuata. Mwenye nyumba anayetaka kuwapokea hununua kilishio na mfuko wa mbegu, hukitundika, husubiri, na baada ya wiki mbili huamua kwamba mtaa wake hauna ndege. Mara nyingi uamuzi huo si sahihi. Ndege wapo, ila kuna jambo linalowazuia, na jambo hilo huacha alama ambazo mtu makini anaweza kuzisoma.

Maelezo yanayofuata yamepangwa kwa dalili, kwa kuwa mwenye uga huona dalili kabla ya kujua chanzo. Hata hivyo, kuna hatua moja inayotangulia zote: kabla ya kununua kitu kingine chochote, inama utazame ardhi iliyo chini ya kilishio. Makapi, punje zilizotupwa, kinyesi, manyoya na nyayo kwenye theluji hueleza nani alikuja, alikula nini, alikataa nini, na nani alimfukuza. Duka litakuuzia kilishio cha tatu kabla hujajua tatizo la kile cha kwanza.

Kilishio kimejaa na hakuna aliyekigusa

Chunguza kwanza tarehe. Kilishio kipya huweza kukaa siku nyingi, pengine wiki kadhaa, bila kugunduliwa, kwa sababu wakati wa baridi ndege huzunguka katika makundi mchanganyiko yenye mapito yake ya kila siku. Anayeongoza makundi hayo mara nyingi ni chikadii, ndege wa takriban gramu 11 mwenye utosi mweusi na koo jeusi, ambaye hahami na kwa hiyo anakijua kila kichaka cha mtaa. Vigogota wadogo, manathachi (ndege wadogo wanaoshuka shina la mti kichwa chini) na wageni wanaopita humfuata kwa sababu milio yake ya tahadhari huwanufaisha wote. Akikubali chikadii, wengine hawachelewi. Chakula chake ni alizeti nyeusi ya mafuta, ile yenye ganda jembamba, na namna yake ya kula haifanani na ya mwingine: huchukua punje moja, hurukia tawi la karibu, huibana kati ya miguu yake miwili na kuigongagonga kwa mdomo mpaka ganda lipasuke, au huenda kuificha kwenye ufa wa gome la mti ili aile siku nyingine. Kwa hiyo, ukikuta maganda machache yaliyotobolewa chini ya mti ulio mbali kidogo na kilishio, jua kwamba umeshatembelewa na hukuona.

Oktoba yenye jua inaweza pia kuwa sababu tosha. Magugu yakiwa yamejaa mbegu, na mialoni na misonobari ikiwa imezaa sana mwaka huo, ndege hawana haja ya kilishio chako, nawe huna kitu cha kurekebisha. Theluji ya kwanza inayofunika ardhi hugeuza hali hiyo ndani ya saa chache.

Ikiwa theluji imeshaanguka na bado pako kimya, basi tatizo ni mahali. Watu wengi hutundika kilishio katikati ya nyasi tupu ili wakione vizuri kutoka jikoni, lakini mahali panapoonekana vizuri kutoka jikoni panaonekana vizuri pia kutoka angani, na ndege wa gramu ishirini hakubali kula pasipo na pa kukimbilia. Kisogeze hadi kiwe kama mita 3 kutoka kwenye kichaka kizito au mti wa kijani wa kudumu: karibu kiasi cha ndege kufika kwa mruko mmoja, mbali kiasi cha paka kushindwa kumrukia kutoka mafichoni. Asiye na kichaka anaweza kukitengeneza kwa kurundika matawi makavu, mazito chini na membamba juu. Mapema Januari, miti ya Krismasi hutupwa kando ya barabara karibu kila mtaa. Omba mmoja, ulaze ubavuni karibu na kilishio, na mara nyingi utaona tofauti kabla ya wiki kuisha. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo tiba bora kuliko zote zilizotajwa hapa, na haina gharama.

Mahali pakiwa pazuri na bado hawali, nusa mbegu. Alizeti iliyokaa kwenye gereji tangu majira ya joto huchacha, huota ukungu au huingiwa na wadudu, na mvua ikipenya ndani ya kilishio cha bomba, tabaka la chini hugandamana likaziba matundu hata kama juu panaonekana pakavu. Kimwage chote, kikaushe, na uanze upya kwa kiasi kidogo.

Chikadii wanakuja, lakini wageni wa kaskazini hawaonekani

Mgeni anayesubiriwa na wengi ni junko, ndege wa kijivu kama makaa juu na mweupe tumboni, mwenye mdomo wa waridi, ambaye anaporuka huonyesha manyoya meupe pembeni mwa mkia. Anayelalamika kwamba hamwoni kwa kawaida anamtafuta juu ya kilishio, ilhali junko ni mlaji wa chini. Mtazame anapotafuta chakula: hujirusha mbele kidogo, kisha huvuta miguu yote miwili nyuma kwa pamoja akiparua majani makavu au theluji laini, husimama, huokota, na kurudia. Shomoro mwenye koo jeupe hufanya vivyo hivyo, na shomoro mwenye utosi wa rangi ya kutu na doa jeusi kifuani, anayeshuka kutoka ukingo wa tundra, nyanda za baridi zisizo na miti, mnamo Novemba, naye hupendelea chini. Kilishio cha bomba kinachoning'inia mita mbili kutoka ardhini hakiwafai hawa hata kikijaa mbegu bora.

Tiba ni kumwaga punje nyeupe za uwele mdogo, zile za mviringo zinazouzwa kwa ajili ya ndege, moja kwa moja ardhini au kwenye sinia la chini lenye matundu ya kupitisha maji, pembeni mwa kichaka na si katikati ya uwanja. Mwaga kiasi kinachomalizika kabla ya jua kutua, kwani kinachobaki usiku huwaita panya, na malalamiko ya jirani kuhusu panya humaliza mradi huu haraka kuliko baridi yoyote.

Chanzo cha pili ni usafi uliopita kiasi. Uga uliofagiwa majani yote na kukatwa mashina yote ya maua mwezi wa Oktoba umeondolewa wadudu waliojificha, mbegu zilizobaki na kivuli cha kutembea chini yake. Acha tabaka la majani chini ya vichaka, na acha mashina makavu ya maua yasimame hadi masika. Baadhi ya miji na vyama vya wenye nyumba vina kanuni za nyasi na majani, kwa hiyo weka sehemu hiyo nyuma ya nyumba, na mbele pabaki nadhifu.

Wakati mwingine upungufu ni wa kweli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Science ulikadiria kwamba Marekani na Kanada zimepoteza ndege karibu bilioni 2.9 tangu mwaka 1970, na junko peke yake amepungua kwa zaidi ya milioni 160. Hata hivyo bado yumo katika kundi la ndege wanaoonekana zaidi kwenye vilishio vya bara hilo wakati wa baridi, kwa hiyo usikate tamaa kabla hujajaribu kumwaga mbegu chini. Wala usidhani ni wagonjwa ukiona junko wenye rangi iliyofifia yenye ukahawia: majike kwa wastani huenda kusini zaidi kuliko madume, na kadiri unavyoishi kusini ndivyo kundi lako linavyokuwa na majike wengi.

Wanakula, lakini nusu ya mbegu inatupwa

Okota kiganja kimoja cha kilichomwagika. Ukikuta punje nyekundu zinazong'aa, ngumu na nzima, huo ni mtama mwekundu, na msomaji aliyekulia Dodoma au Kitui atautambua bila kuambiwa. Mifuko ya bei nafuu huongezwa mtama na ngano ili uzito utimie, na ndege wa mashariki mwa Marekani, isipokuwa njiwa na wachache wengine, hutumia mdomo kuusukuma nje wakiitafuta alizeti. Katika majimbo makavu ya kusini-magharibi mambo ni tofauti, kwani huko wako wanaoula vizuri. Kwa anayeishi mashariki, mfuko wa alizeti tupu wa bei ya juu kidogo huliwa wote, na hesabu ikipigwa kwa kile kilicholiwa badala ya kile kilichonunuliwa, ndio wa bei nafuu. Ukisha kutenganisha alizeti kwa vilishio vya juu na uwele mweupe kwa wa chini, umwagaji hupungua wenyewe.

Kinachobaki chini kikiwa maganda matupu, hakuna kilichoharibika ila usafi. Maganda ya alizeti yakirundikana huzuia nyasi kuota, na yakilowa huota ukungu. Yazoe kila wiki, au nunua alizeti iliyokwisha kumenywa kwa ajili ya roshani na veranda.

Chiriku wa dhahabu wametoweka

Kwanza hakikisha kwamba wametoweka kweli. Dume la manjano angavu la mwezi wa Julai hubadilisha manyoya majira ya kupukutika, na kufikia Desemba huwa na rangi ya kahawia na zeituni iliyofifia, mabawa meusi yenye michirizi myeupe yakiwa ndiyo alama iliyobaki. Wengi wamekuwa wakimlisha kila siku huku wakisikitika kwamba ameondoka.

Ikiwa kweli hawapo na umeweka mbegu nyembamba nyeusi zinazouzwa kwa jina la Nyjer, shaka iende kwenye mbegu. Mmea wake asili yake ni Ethiopia, ambako mbegu hizo hukamuliwa mafuta ya kupikia, na soko la Marekani hutegemea zinazoagizwa kutoka huko, India na nchi nyingine. Kabla ya kuingia, sheria inataka zipashwe joto la nyuzi 120 za Selsiasi kwa dakika 15, ili mbegu za magugu waharibifu zilizochanganyika nazo zisiote. Ukijumlisha joto hilo, safari ya bahari na miezi ya kukaa ghalani na dukani, utaelewa kwa nini mfuko unaweza kuwa umekauka kabla hujaufungua. Zipime kwa kuziponda kwa ukucha juu ya karatasi nyeupe: zikiacha doa la mafuta, ni nzima, zikigeuka vumbi, chiriku walizikataa kwa haki. Nunua mfuko mdogo kutoka duka linalouza haraka, na tikisa kilishio kila baada ya siku chache ili zilizo chini zisishikane.

Kindi na kwezi wamekuwa wenyeji wa kilishio

Kindi wa kijivu huweza kuruka zaidi ya mita moja kwenda juu na zaidi ya mita mbili kwa upande, na hujishusha kutoka tawi au paa lililo juu bila wasiwasi. Kwa hiyo dawa yake ni vipimo: nguzo laini ya chuma, kizuizi chenye umbo la koni au bomba pana kikiwa kama mita 1.5 kutoka ardhini, na kilishio kikiwa angalau mita 3 kutoka mti, uzio au paa lolote. Kipimo kimoja kikipungua, viwili vilivyobaki havifai kitu. Kupaka grisi kwenye nguzo si suluhisho, kwa kuwa grisi ikishika manyoya ya ndege huharibu uwezo wake wa kujikinga na baridi. Pilipili ni jambo jingine: ndege hawahisi ukali wake ilhali mamalia wanauhisi, na mbegu zilizokwisha kupakwa pilipili kiwandani huwafukuza baadhi ya kindi. Anayechanganya pilipili mwenyewe asisahau kwamba upepo huirudisha machoni mwake.

Kwezi na shomoro wa majumbani ni wageni wa Ulaya. Shomoro waliletwa Brooklyn mwaka 1851, na kwezi waliachiwa Central Park, New York, mwaka 1890. Leo wameenea bara zima na huwasukuma nje wenyeji kwa wingi wao. Wakivamia, ondoa mahindi yaliyovunjwa, mkate na mabaki ya jikoni, na punguza uwele kwa muda. Weka mbegu nyeupe za kartamu, ambazo kadinali na chikadii huzila na kwezi kwa kawaida huzipita. Kwa shahamu ya ng'ombe, tumia kilishio kinachofunguka upande wa chini tu: vigogota na manathachi hula wakining'inia kichwa chini bila shida, kwezi hupata taabu na wengi wao huondoka.

Uga umejaa asubuhi, mchana umekufa kimya

Ukimya wa ghafla una maana. Tafuta kipanga: ama yule mdogo wa kaskazini au kipanga wa Cooper, wote wawili wakiwa wawindaji wa ndege wenye mabawa mafupi na mkia mrefu, wanaojua njia za vilishio kama unavyojua njia ya dukani. Mduara wa manyoya laini kwenye theluji, bila nyayo kuuzunguka, ni alama yake. Wakati mwingine ushahidi uko hai mbele yako: kigogota mdogo aliyejibana kwenye shina la mti, asiyetikisika hata kwa dakika kumi. Sikiliza chikadii pia, kwa sababu wanasayansi wameonyesha kwamba huongeza idadi ya silabi za mwisho za mlio wake kadiri adui alivyo hatari kwake, na bundi mdogo mwepesi humfanya aongeze nyingi kuliko bundi mkubwa mzito.

Kipanga analindwa na sheria, na chakula chake halali ni hao hao unaowalisha. Ukiona amehamia, ondoa vilishio kwa wiki moja au mbili. Ndege watatawanyika, naye atakwenda kuwinda kwingine. Kisha ongeza vichaka kabla ya kurudisha chakula.

Paka ni kesi nyingine, kwa kuwa yeye ana mwenyewe. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2013 yanasema kwamba paka wanaozurura huua kati ya ndege bilioni 1.3 na bilioni 4 kwa mwaka nchini Marekani. Manyoya yaliyosagika yenye nyayo za mviringo pembeni yanatosha kumtambua. Paka wako akae ndani. Kuhusu wa jirani, zungumza na mwenye paka kwa upole, na wakati huo sogeza chakula cha chini kutoka kwenye kichaka kinachomficha, au zungushia wavu wa waya wa nusu mita kwa urefu utakaomlazimisha aruke kwanza na hivyo aonekane.

Ndege wanagonga vioo

Kioo huakisi mti na anga, na ndege huruka kuelekea huko. Makadirio ya mwaka 2014 yaliweka vifo vya namna hiyo nchini Marekani kati ya milioni 365 na milioni 988 kwa mwaka, na sehemu kubwa yake hutokea kwenye nyumba za kawaida na majengo mafupi, si kwenye maghorofa marefu. Shomoro mwenye koo jeupe na junko ni miongoni mwa wanaookotwa mara kwa mara.

Pima umbali wa kilishio. Kikiwa mita tano kutoka dirishani, ndege aliyeshtuliwa huwa ameshashika kasi anapogonga. Kikiwa chini ya mita moja, au kimegandishwa kwenye kioo chenyewe kwa vibandiko vya mpira, hana nafasi ya kufikia kasi ya kumuua. Mpangaji wa ghorofa asiyeruhusiwa kuchimba nguzo hapa ana bahati, kwa sababu kilishio cha dirishani ndicho salama zaidi, mradi mkataba wa nyumba unakiruhusu na jirani wa chini hanyeshewi maganda. Kisha tia alama upande wa nje wa kioo: nukta, mistari au kamba, zikiachana kwa sentimita 5 pande zote. Picha moja ya kipanga iliyobandikwa katikati haisaidii, kwani ndege huikwepa picha na kugonga kioo kilichobaki.

Taa nazo zinahusika, kwa kuwa wageni hawa husafiri usiku. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Oktoba 2023, karibu ndege 1,000 walikufa kwa kugonga jengo moja la mikutano la McCormick Place huko Chicago, lenye kuta za vioo kando ya ziwa. Zima taa za nje na funga mapazia kuanzia saa tano usiku katika wiki za uhamaji.

Kuna ndege aliyejikunyata asiyeruka

Dalili hii isicheleweshwe, lakini pia isitafsiriwe vibaya. Katika baridi kali kila ndege hutunisha manyoya akaonekana mpira, na chikadii hata hushusha joto la mwili wake usiku ili kuokoa nguvu. Ndege mzima aliyetuna macho yake huwa wazi na yanang'aa, na ukimkaribia huruka. Mgonjwa hukaa kwenye kilishio au chini yake macho yakiwa nusu yamefumba, hakimbii ukimsogelea, na mara nyingi kinyesi kimemganda nyuma. Akiwa siskini, ndege mdogo mwenye michirizi na manjano kidogo bawani, shuku salmonela, ugonjwa wa tumbo unaoletwa na bakteria. Akiwa chiriku wa majumbani, yule ambaye dume lake lina wekundu kichwani na kifuani, mwenye jicho lililovimba na kufunikwa na gamba, huo ni ugonjwa wa macho wa bakteria ulioonekana kwa mara ya kwanza kwa chiriku hao katika eneo la Washington, D.C., mwaka 1994 na kuenea kutoka hapo.

Katika majira ya baridi ya 2020 hadi 2021, siskini walishuka kutoka kaskazini kwa wingi usio wa kawaida, wakasongamana kwenye vilishio, na salmonela ikawaua katika majimbo mengi. Mamlaka za afya za Marekani ziliorodhesha watu 29 katika majimbo 12 walioambukizwa bakteria hao kutokana na ndege wa porini, wakiwamo waliolazwa hospitalini. Kwa hiyo, ukiona mgonjwa mmoja tu, shusha vilishio vyote na kinyweshea siku hiyo hiyo, na usivirudishe kabla ya wiki mbili. Visugue kwa sabuni kwanza, kisha viloweke kwa dakika kumi katika maji yaliyochanganywa klorini ya kufulia, sehemu moja ya klorini kwa tisa za maji, suuza sana, na uviache vikauke kabisa. Kazi hii ifanyike nje au kwenye beseni lake maalumu, kamwe si kwenye sinki la vyombo, na watoto wanawe mikono. Zoa maganda na kinyesi vilivyo chini, kwa sababu walaji wa chini huambukizwa hapo hata kama juu pameng'aa. Anayeosha vilishio kila baada ya wiki mbili wakati wa baridi mara nyingi hafiki kwenye hatua hii.

Usimfungie mgonjwa nyumbani. Sheria ya ndege wahamao ya mwaka 1918 inakataza kumshika na kumweka ndege wa asili bila kibali, hata kwa huruma. Wasiliana na kituo chenye leseni cha kuwatunza wanyama wa porini au idara ya wanyamapori ya jimbo. Anayefuga kuku uani awe mwangalifu zaidi, kwa sababu homa ya mafua ya ndege aina ya H5N1 imekuwa ikisambaa Amerika Kaskazini tangu mwisho wa mwaka 2021. Vilishio vya ndege wa porini na banda la kuku visikaribiane, na kwa mwenye kuku wengi ningeshauri aache vilishio kabisa.

Maji yameganda

Ndege anaweza kula theluji, lakini kuiyeyusha mwilini humgharimu nguvu, na maji ya wazi wakati wa baridi huwavuta hata wasiokula mbegu. Nunua kinyweshea chenye kipasha joto cha umeme kinachojizima chenyewe, au toa maji ya vuguvugu asubuhi na mchana kwenye sahani ya plastiki inayoweza kupindwa ili barafu itoke. Chumvi, glisirini na dawa za kuzuia kuganda zisitiwe, kwani ama huwadhuru ndege au hushikamanisha manyoya yao.

Nasafiri wiki tatu Desemba, je, watakufa?

Hapana. Utafiti uliofanywa Wisconsin na kuchapishwa mwaka 1988 ulionyesha kwamba chakula cha vilishio husaidia kweli katika baridi kali: chikadii waliokuwa nacho walivuka majira ya baridi kwa asilimia 69, na wasiokuwa nacho kwa asilimia 37. Lakini watafiti hao hao walipoondoa vilishio mahali palipokuwa navyo kwa miaka 25, chikadii wa hapo walinusurika sawa na wale ambao hawajawahi kulishwa. Kilishio huwapa sehemu tu ya mahitaji yao ya siku. Vivyo hivyo, hofu kwamba kulisha mwezi wa Oktoba huwazuia kuhama haina msingi, kwa kuwa kinachowaamsha ni urefu wa mchana.

Wanapoanza kupungua mwishoni mwa Machi na Aprili, wanarudi kaskazini, na hapo hakuna cha kutibu. Anayeishi kwenye eneo la dubu ashushe vilishio mapema zaidi, theluji inapoanza kuyeyuka, kwa sababu dubu hutoka mapangoni na njaa, na alizeti ni mafuta matupu kwake. Osha vyote kwa klorini kama ilivyoelezwa, kausha, na mbegu zilizobaki zitie kwenye debe la chuma lenye kifuniko kinachobana. Zikifika Julai zimwage, maana hakuna junko atakayezila Oktoba.